Tembo wa Barnabas: Wanyama wa Ruvuma katika Picha za Nakshi

Katika maduka ya vitu vya kale ya London, Paris na Berlin huuzwa kurasa moja moja zilizokatwa kutoka vitabu vya karne ya 18 na ya 19. Ni picha za wanyama wa mwitu: tembo aliyesimama ubavu, simba juu ya jabali, twiga mwenye shingo iliyopinda kama upinde. Chini ya kila picha pana jina la Kilatini, na pembeni, kwa herufi ndogo, jina la mchoraji na la fundi aliyeichonga. Mnunuzi huutia ukurasa katika fremu na kuutundika sebuleni. Kitabu kilichobaki, chenye habari za safari, za lugha na za watu, hukosa mnunuzi, na pengine huishia jaani.

Kwa msomaji wa Pwani kuna jambo la kutafakari hapo. Wengi katika wanyama hao walitoka katika nchi zilizo nyuma ya bandari za Kilwa, Lindi, Mikindani na Msumbiji. Waliwindwa na watu waliokuwa na majina, wakaitwa kwa lugha zilizokuwa na maneno, wakasafirishwa na mahamali waliojua njia. Ukurasa uliokatwa haubebi hata kimoja katika hivyo. Asiyekuwapo na lake halipo, wasema wahenga. Na katika picha hizo waliokosekana ni wengi.

Ufundi wenyewe si mgeni visiwani. Nakshi ni neno la kila siku kwa fundi wa milango wa Unguja na wa Lamu, achongaye mtende, waridi na mnyororo juu ya mbao ngumu. Fundi wa picha za vitabu naye alikuwa mtu wa nakshi, ila yeye alichonga kinyume, kulia kuwe kushoto, ili karatasi ikigandamizwa ipokee sura iliyonyooka. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ya mti: kilichoondolewa hubaki cheupe, na kilichoachwa kimesimama ndicho kipokeacho wino. Mwingereza Thomas Bewick wa Newcastle aliifikisha mbali njia hii mwaka 1790, alipotoa kitabu chake cha wanyama wa miguu minne. Alichonga upande wa kichwa cha gogo, penye ugumu, kwa ncha nyembamba sana. Njia ya pili ni ya shaba nyekundu: fundi hukwaruza mistari kwa kalamu ya chuma, wino ukazama katika mifereji hiyo, kisha karatasi yenye unyevu ikaufuata humo. Njia ya tatu ilivumbuliwa na Mjerumani Alois Senefelder mwaka 1796, nayo ni chapa ya mawe. Mchoraji huandika juu ya jiwe laini kwa rangi ya mafuta. Kwa kuwa maji na mafuta havipatani, wino hushika pale palipochorwa tu. Wauza picha huzichanganya zote tatu chini ya jina moja, lakini jicho lililozoea huona tofauti: shaba ina ukali wa sindano, mti una uzito, na jiwe lina ulaini wa mkaa.

Njia zote zilikuwa na maradhi mamoja, nayo ni kunakili. Kuchonga bamba ni kazi ya gharama, na mnyama hai yu mbali. Basi fundi alichukua picha ya mwenziwe akaichonga upya. Mfano mashuhuri ni kifaru wa Albrecht Dürer. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon. Dürer, aliyekuwa Nürnberg, hakumwona. Alipata barua na mchoro wa haraka, akatoa picha ya mti yenye mnyama aliyevaa mabamba kama askari aliyevaa deraya, na pembe ndogo ya ziada juu ya mabega. Kwa zaidi ya miaka 200 watu wa Ulaya waliamini kuwa huyo ndiye kifaru. Miaka 100 kamili kabla ya hapo, mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alifikishwa katika ikulu ya China, na mwingine, aliyetoka Bengal, alikwisha kutangulia mwaka 1414 na kuchorwa. Picha yake inanasibishwa na Shen Du. Watu wa ikulu walimwita qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Mashariki na Magharibi, kila mmoja alimwona mnyama wa mbali kwa jicho la alichokwisha kukijua.

Nchi za Ruvuma ziliingia katika vitabu hivyo kwa kuchelewa, tena kwa mlango wa kusini. Mwaka 1842 Wilhelm Peters, tabibu na mwanazuolojia kijana wa Berlin, alianza safari ya Msumbiji iliyochukua hadi 1848. Alikaa miaka kadhaa katika makoloni ya Wareno, Msumbiji yenyewe, Quelimane, Sena na Tete, akafika pia Unguja, Ngazija na visiwa jirani, na Bukini. Hakufika Masasi wala Newala. Lakini wanyama hawajui mpaka wa mto, na wengi aliowaeleza kutoka kusini ya Ruvuma ndio hao hao wa kaskazini yake. Juzuu yake juu ya mamalia ilitoka Berlin mwaka 1852, kubwa kwa umbo, ikiwa na mabamba ya picha zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa.

Kinachovutia katika kazi ya Peters ni udogo wa wanyama wake. Wawindaji wa zama zake walitafuta pembe. Yeye alitafuta popo, panya, fuko, kuchakuro na sange. Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayotikisika kama mkonga na miguu myembamba ya kurukia. Peters alieleza aina mbili zake: mwenye vidole vinne nyuma, mwaka 1846, na yule mkubwa mwenye mabaka mgongoni, mwaka 1847. Mwaka 1880 José Vicente Barbosa du Bocage wa Lisbon alimpa sange mwingine jina la Peters mwenyewe, na sange huyo yumo hadi leo katika misitu ya Unguja. Mwaka 1881 Albert Günther wa makumbusho ya London alieleza sange mwenye mkia mrefu kutoka Ruvuma. Hivyo mnyama ambaye mtoto wa Newala humfahamu kwa mlio wa majani makavu alipata majina manne au matano ya Kilatini katika muda wa miaka 40.

Na majina ya wenyeji je? Hapa Peters anastahili sifa. Aliandika pia maneno ya lugha za Pwani na za bara, na mwaka 1856 W. H. I. Bleek aliyachapisha London katika kitabu cha misamiati ya lugha za Msumbiji, ikiwamo ya Rasi Delgado, karibu na mlango wa Ruvuma, na ya Nzwani. Kwa hiyo safari moja ilizaa vitabu viwili: kimoja cha picha, kimoja cha maneno. Cha picha kikaingia katika biashara ya vitu vya thamani, na cha maneno kikabaki kwa wataalamu wachache. Anayevisoma pamoja huona kwamba mnyama na jina lake walitoka bandarini katika jahazi moja, wakatenganishwa walipofika Ulaya.

Utengano huo ulikuwa ndani ya kazi yenyewe. Mnyama alitegwa au alipigwa msituni, mara nyingi na mwindaji mwenyeji. Akachunwa, ngozi ikatiwa chumvi au dawa, fuvu likachemshwa. Walio wadogo walizamishwa katika spiriti. Kisha pakaja safari ya miezi baharini. Mchoraji wa Berlin au London alipokea ngozi iliyokauka, isiyo na macho wala misuli, akatakiwa kuirudishia uhai. Waliobahatika, kama Joseph Wolf, Mjerumani aliyehamia London, waliweza kutazama wanyama hai katika bustani ya wanyama. Michoro aliyoianza Wolf katika miaka ya 1870 ndiyo iliyotiwa juu ya mawe na Joseph Smit na kupambwa kwa rangi katika kitabu kikubwa cha paa na swala cha Philip Sclater na Oldfield Thomas, kilichotoka kwa juzuu 4 kati ya 1894 na 1900, kikiwa na mabamba 100.

Miongoni mwa wanyama wa aina hiyo yumo palahala, dume lake jeusi, tumbo jeupe, pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Mwingereza William Cornwallis Harris alimwinda Afrika Kusini mwaka 1836 na kuitoa picha yake katika kitabu cha mwaka 1840. Tangu hapo palahala akawa kipenzi cha wachoraji. Anaishi pia katika miyombo ya Masasi na Nanyumbu, na pori la akiba la Lukwika-Lumesule, kwenye ukingo wa Ruvuma, ni moja ya makao yake. Lakini katika picha za Ulaya palahala husimama peke yake, juu ya kilima kisicho cha nchi yoyote. Hakuna nyasi zilizochomwa, hakuna mbung'o, hakuna mtu. Nchi imefutwa ili mnyama aonekane.

Nchi iliyofutwa ilikuwa na mambo makubwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watu walioachwa huru kutoka utumwani, wengi asili yao nchi za Nyasa na Ruvuma. Walipofika Masasi, chini ya majabali yake makubwa, waliona wamekaribia kwao vya kutosha, wakajenga. Hii ilikuwa miaka mitatu tu baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Njia zilizowapeleka utumwani zilikuwa ndizo njia za pembe za ndovu: pembe moja begani mwa mtu mmoja, kutoka bara hadi Lindi, Mikindani au Kilwa, kisha Unguja, kisha viwanda vya vinanda na vya mipira ya bilyadi. Ndovu aliyechongwa kwa shaba katika kitabu na ndovu aliyegeuzwa kitufe cha kinanda walikutana katika sebule moja. Mwenye sebule hakuona kamba iliyowaunganisha.

Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi. Chauncy Maples na sehemu ya watu wake wakahamia Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, kwa jirani yao mkuu, Matola, Myao aliyetawala hapo. Kutoka ukingo wa Newala, pale paitwapo Shimo la Mungu, ardhi huanguka ghafla na bonde la Ruvuma huonekana hadi ng'ambo ya pili. Uwanda wenyewe hauna mto. Maji yalichotwa chini mabondeni na kupandishwa kwa vichwa vya wanawake, na vichaka vyake vilisukana hata mtu asiweze kupita bila panga. Vichaka hivyo vilikuwa ngome ya watu dhidi ya wavamizi, na ngome ya wanyama wadogo dhidi ya watu.

Mwishoni mwa Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa. Moto wa vita haujapoa sawasawa alipowasili, katikati ya mwaka 1906, Karl Weule, mtaalamu wa mila wa makumbusho ya Leipzig. Alitoka Lindi akafika Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola wa pili, akapanda Newala, akamalizia Mahuta mwezi Novemba. Alisindikizwa na askari. Alikuwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha zinazocheza, na alikusanya vinyago, vyombo na mitego kwa ajili ya makumbusho. Safari yake ilikuwa sehemu ya utawala uliotoka kuwashinda wenyeji kwa risasi na njaa, na kitabu chake, kilichotoka Leipzig mwaka 1908 na kufasiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909, kina kiburi cha zama zile.

Pamoja na hayo Weule alifanya jambo moja ambalo vitabu vya picha za nakshi havikulifanya. Aligawa karatasi na penseli, akawaomba watu wachore. Wakachora: wapagazi wake Wanyamwezi, akiwamo mkuu wao Pesa Mbili, vijana wa Newala, watu wa Lindi. Kisha akaichapa michoro hiyo katika kitabu, na chini ya michoro akaweka majina ya wachoraji. Katika fikra za makumbusho za wakati ule kazi kama hizo zilitazamwa kama ushahidi wa utoto wa sanaa, kitu cha kulinganisha na michoro ya watoto wa Ulaya. Leo zasomeka vingine kabisa.

Mmoja wa wachoraji hao ni Barnabas, Mmwera aliyesoma, mkazi wa Lindi. Mchoro wake ni wa kundi la tembo. Kundi! Mabamba ya Ulaya, tangu Buffon aliyeanza kutoa juzuu zake mwaka 1749, yalimzoesha msomaji tembo mmoja, ubavu mmoja, kama mtu aliyesimamishwa mbele ya mpiga picha wa pasipoti. Sababu yake yaeleweka: mtaalamu alihitaji aina, na aina huwakilishwa na mmoja. Lakini tembo aliye peke yake mara nyingi ni dume. Yule anayelima pembezoni mwa mwitu humjua tembo kama kundi: huja usiku, huvunja, hupita, na asubuhi shamba limekwisha. Barnabas hakuwa na bustani ya wanyama wala ngozi iliyotiwa chumvi. Alikuwa na kumbukumbu ya nchi yake, na kumbukumbu hiyo ilimpa idadi ya wingi. Wazungu walichora jina la mnyama, na Barnabas akachora namna anavyokuja.

Hii haimaanishi kwamba mchoro wa mwenyeji ni wa kweli na wa mgeni ni wa uongo. Kwa kuhesabu vidole vya sange na kulinganisha meno yake, bamba la Peters halina mshindani, na mwanafunzi wa leo bado hufaidika nalo. Kila mchoro ni jibu, na majibu hutofautiana kwa kuwa maswali yalitofautiana. Mtaalamu wa Berlin aliuliza, mnyama huyu ni nani miongoni mwa wanyama wote wa dunia? Mtu wa Ruvuma aliulizwa na maisha yake, mnyama huyu anataka nini kwangu? Dhuluma ilikuwa kwamba swali la kwanza lilichapishwa kwa karne mbili na kuitwa elimu, na la pili likapewa penseli kwa miezi michache ya mwaka 1906.

Sheria nayo iliegemea upande huo huo. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kutaka leseni kwa uwindaji na kuanzisha mapori ya akiba ya kwanza ya koloni. Kwa mwenye bunduki na fedha, leseni ilikuwa karatasi tu. Kwa mwenye mtego na mshale, ilikuwa ukuta. Weule alieleza kwa kina mitego aliyoiona, ya panya na ya wanyama wakubwa, akaistaajabia akili iliyomo ndani yake. Ufundi ule ule uliostahili kuwekwa katika kabati la makumbusho Leipzig ulikuwa ukigeuzwa kuwa ujangili nchini kwake.

Mnyama mmoja adhihirisha jambo hili kuliko tembo na palahala. Panya buku, mwenye mashavu ya kubebea chakula na mkia uliogawanyika rangi mbili, hakupata kuwa pambo la ukuta. Katika uwanda wa Wamakonde panya ni kitoweo, na watani wa watu wa kusini wamempa jina la samaki nchanga, samaki wa mchangani, pale ambapo bahari iko mbali na mto uko chini bondeni. Wageni walikunja nyuso. Kisha, karibu na mwaka 2000, shirika la APOPO likaweka makao yake Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, likaanza kumfundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hao walivushwa kwenda Msumbiji, nchi aliyoizunguka Peters, na kushiriki katika kazi ya miaka mingi iliyofikia kilele mwaka 2015, nchi hiyo ilipotangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Wamakonde wengi walikuwa wamevuka Ruvuma kuja Tanganyika wakitafuta kazi au wakikimbia vita. Njia za kurudi kwao zilisafishwa, kwa sehemu, na mnyama aliyeonekana hafai hata bamba moja la shaba.

Simba naye ana hesabu yake. Katika picha za nakshi ni mfalme: manyoya ya shingo yametandazwa, macho yametulia, mkono mmoja juu ya jiwe. Kusini mwa Tanzania ni habari nyingine. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliotoka mwaka 2005, ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Watafiti waliona pia kiungo cha maafa hayo, naye ni nguruwe mwitu. Nguruwe huingia mashambani usiku wakati wa mavuno. Mkulima hulala katika dungu lake ili awafukuze. Simba, ambaye mawindo yake mengine yamepungua, humfuata nguruwe na kumkuta mtu. Nguruwe mwitu ni nadra sana katika fremu za sebuleni. Bila yeye, hata hivyo, hadithi ya simba haielezeki, na dungu lenye nguzo nne lina elimu ya wanyama kuliko jabali la mchoraji.

Hata hivyo picha za kale zina deni lisiloweza kukanwa: baadhi ya wanyama wamebaki humo tu. Ndugu mmoja wa palahala na wa korongo, mwenye rangi ya kibuluu, aliishi kusini kabisa ya Afrika na akaangamizwa karibu na mwaka 1800. Leo anajulikana kwa ngozi chache, mifupa, na picha za nakshi za karne ya 18. Wazanzibari wana msiba wao wa jinsi hiyo. Chui wa Unguja, aliyepewa jina la kitaalamu na Reginald Pocock mwaka 1932, hukumbukwa zaidi kwa mmoja aliyejazwa pamba katika jumba la makumbusho mjini. Na huko bara, katika eneo la Selous, lililo kaskazini ya nchi hizi za Ruvuma, tembo waliohesabiwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970 walishuka hadi karibu 13,000 katika hesabu ya mwaka 2013. Kundi la Barnabas limekuwa jambo la kushuhudiwa na wachache. Mchoro wake wa penseli umeanza kufanya kazi ambayo yeye hakuikusudia, kazi ya kuwa wasia.

Mkono uliounganisha njia hizi mbili za kuona ulikuja baadaye, nao ulikuwa wa mzaliwa wa nchi. Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere, na kati ya 1971 na 1982 akatoa juzuu zake za mamalia wa Afrika ya Mashariki. Humo mnyama hachorwi mara moja kwa ubavu. Huchorwa akijikuna, akikimbia, akinyonyesha, misuli ikiwa wazi, uso ukigeuka. Na neno la Kiafrika likarudi: wataalamu wa dunia sasa huwaita jamaa za sange kwa jina la sengi, lililotolewa katika lugha za Kibantu, kwa pendekezo la Kingdon mwenyewe, baada ya kuchoshwa na jina la Kiingereza linalomfananisha na tembo mdogo. Jina lililoachwa bandarini likavuka bahari hatimaye, likichelewa miaka 150.

Juu ya uwanda wa Wamakonde, wakati huo wote, palikuwa na ufundi mwingine wa kuchonga mti. Vinyago vya jando na vya ngoma, Weule alivyovikusanya kwa wingi, vina watu, mashetani na wanyama, sungura akiwa mmoja wao. Mpingo uliochongwa baadaye kwa ajili ya soko la Mtwara na Dar es Salaam ni mgumu kuliko gogo la Bewick. Fundi wa Newcastle aliondoa mti ili wino ubaki. Fundi wa Newala huondoa mti ili umbo libaki. Mmoja alitoa nakala elfu za mnyama mmoja, na mwingine hutoa mnyama mmoja asiye na nakala. Haki ingekuwa kuvitundika pamoja: bamba la Peters lenye sange, mchoro wa Barnabas wenye kundi, na kinyago cha sungura, kila kimoja na jina la aliyekitengeneza, la aliyemwinda mnyama pale linapojulikana, na la mnyama mwenyewe kwa Kimakonde, Kiyao, Kimakua, Kimwera na Kiswahili.

Majina hayo ya wanyama bado yapo. Wazee wa Masasi na Newala wanayo, na watoto wanaolala dunguni msimu wa mavuno husikia mengine kila usiku. Kuyaandika hakuhitaji shaba wala jiwe. Kunahitaji karatasi na penseli, kama zile za mwaka 1906, na safari hii ziwe mikononi mwa wenyewe.